Klachi Aliyoitafuta Ami

Nilipolinunua gari langu na kuliinua juu ya magurudumu makubwa kwa safari za mchangani, nilichagua otomatiki, kwa sababu goti langu la kushoto haliwezi tena kukanyaga klachi. Nikaona haya kusema. Kwa jamaa zangu wa mji wa Ibra nikatamba, "Mwanamme haendeshi otomatiki!"

Ijumaa moja betri ikafa mlangoni kwa ami yangu. "Si gia za mkono?" akasema. "Yallah, tulisukume liwake!"

Otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, nami nalijua hilo. Hata hivyo nikapanda, nikashika usukani. Jamaa zangu wakasukuma mara tatu, kanzu zimelowa jasho, na ami, mzee wa mkongojo, kati yao. Goti lake bovu, yeye hakuwahi kulificha.

Akaja kwenye mlango wa gari anahema, akachungulia miguuni pangu.

"Mwanangu, klachi iko wapi?"