Sauti Iliyomfikia Bibi

Harufu ya michembe inayochemka hunishika popote inaponikuta. Juzi nilipita sokoni Tabora, mama mmoja akafunua sufuria yake, mvuke wa vile viazi vikavu ukanipiga usoni. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau anakokwenda. Nilikuwa namsikia mama yangu: "Mayu! Njoo ule!"

Mayu ni mama kwa Kinyamwezi. Aliyeitwa hivyo ni bibi yangu, mzaa mama, ambaye masikio yake yalikufa mama akiwa bado mtoto. Sauti za watu wengine hazikumfikia. Ya mama ilimfikia, kwa kuwa mama alikua akiipaza ili asikike, na mwishowe hakujua tena kuongea vingine. Hata akiniomba chumvi, aliomba kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mbuga. Kwetu Ntalikwa, ambako kati ya nyumba na nyumba palikuwa na mashamba mawili ya mihogo, hakuna aliyejali.

Kisha tukahamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari, ukipiga chafya kwako jirani anakuitikia kwake. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba mama yangu ana kasoro. Wanawake kisimani walisema mke mwema sauti yake haivuki ua. Ua wenyewe hatukuwa nao, lakini nani angewabishia? Mama alilima shamba la kijiji kuliko wengi, wala sikupata kumsikia akimtukana mtu. Hayo hayakumsaidia. Alikuwa "yule mwenye mdomo", basi.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi alikuja, akapewa kigoda, akamwambia baba kwa upole, "Ndugu yangu, mtulize mkeo. Watu wanauliza mwenye nyumba hapa ni nani."

Baba alimsindikiza hadi njiani. Alimjua mkewe, na naamini asingemwambia kitu. Aliyemwambia ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na shuleni wenzangu walikuwa wakivuta "Mayuuu" kila nilipopita. Jioni ile nilimkuta mama akibambua karanga, nikamwambia bila kumtazama, "Mama, ukiongea unatutia aibu. Usiongee hivyo tena."

Mikono yake ilisimama. "Haya, mwanangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

Na akatimiza. Alijifunza kunong'ona kama wanawake wenzake, na kijiji kikampenda. Kisimani wakamsifu kwamba siku hizi ametulia. Nami nilitembea kifua mbele, mjinga mie.

Bibi akawa anaitwa kwa kuguswa bega. Chakula aliwekewa mbele, mazungumzo marefu ya jioni kati yake na mama yakaisha. Mama alikaa naye, akamshika mkono, akasema maneno mawili matatu ya chini. Bibi aliutazama mdomo ule ukicheza, halafu akainamisha uso.

Tulimzika mvua za mwaka wa pili zilipoanza. Wiki chache kabla ya hapo alinivuta karibu na kitanda chake.

"Mjukuu wangu," alisema, "hebu kaniulizie kwa mama yako, nimemkosea nini? Mbona hasemi nami tena?"

Jibu nilikuwa nalo. Niliitikia kwa kichwa, nikatoka nje kucheza, na sikuuliza kitu.

Leo nina wajukuu wangu, na bado naona aibu kuyaandika haya. Sote tulimhukumu mama kwa ukubwa wa sauti yake, na hakuna aliyejisumbua kuuliza alikuwa akiongea na nani. Mimi nilijua, maana nililala chumba kimoja na bibi. Bibi alikufa akiamini kwamba binti yake amemnunia. Mama aliishi miaka mingi baada yake, akinong'ona, na mpaka tunamzika sikuthubutu kumwambia alichoulizwa.