Nusu Saa ya Kwenda Pemba

Enzi zetu pale Gulwe umbali haukuwa na kilomita, ulikuwa na sauti. Ukimuuliza mtu mzima shamba liko wapi, anasogeza mdomo mbele, "Pale." Kama ni mbali anavuta, "Kuleee." Ikivutwa mpaka ikawa nyembamba kama uzi, ujue utalala njiani.

Nakumbuka mama alipokaribia kujifungua mdogo wetu wa mwisho. Bibi alikuwa anakuja kwa treni kutoka Dodoma, maana kwetu mama mzazi ndiye anayempokea mjukuu. Mvua ikasomba reli. Watoto tukashinda stesheni tunatafuna karanga mbichi, tunachungulia. Tukirudi kuulizia, mama anasema, "Msafiri haulizwi saa, anawekewa chakula." Ugali na mlenda vikafunikwa. Vikichacha, vinapikwa vingine. Bibi akatokea kesho yake jioni, matope magotini, amekanyaga mataruma ya reli kwa miguu. Akanawa, akala. Alfajiri mtoto akazaliwa mikononi mwake.

Sasa binti yangu Neema ni mwalimu Pemba, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Akaniambia kwenye simu, "Mama, uwanja wa Unguja mpaka wa Pemba ni kama kilomita mia na ishirini tu. Ndege nusu saa. Hata chai haipoi." Hesabu za mwendo nimezisoma ukubwani, darasa la jioni, nikapiga, ikakubali. Ni kama Dodoma mpaka Gulwe na kuongeza kidogo. Watoto wa siku hizi ukiwauliza njia wanaiuliza simu, na simu haijui mawingu.

Nikapanda treni ya umeme, nikapanda boti, nikatapika, nikafika uwanjani Unguja na unga wangu wa uwele wa uji wa mzazi. Mvua ikafunga anga. Kijana wa pale akaja, "Mama, vumilia, ni nusu saa tu hapo."

"Baba, hiyo nusu saa naisikia tangu asubuhi."

Akacheka, akaniletea kiti. Nikamuwaza bibi. Yeye treni ilipokwama alishuka akatembea. Mbele yangu kulikuwa na maji. Nikashika rozari.

Jioni mkwe akapiga. "Shikamoo mama. Ni wa kike. Neema mzima."

Nikasema, Mungu asifiwe. Halafu nikaufunga upya unga wangu mapajani.

Ndege ikaruka kesho yake. Kweli nusu saa; ilipogusa chini nilikuwa fungu la nne la rozari. Neema alikuwa amelala. Nikampakata mjukuu wangu, ameshaogeshwa, ananukia mafuta ya nazi ya jirani aliyempokea. Akalia. Yule jirani akamchukua, akanyamaza.

Namshukuru mama yule, Mungu ambariki. Lakini enzi zetu mtoto hakuzoea mikono ya mtu mwingine kabla ya bibi yake.