Vitabu Mia Mbili Ndani ya Kibao Kimoja

Siku tuliyogawa mali ya baba mdogo tulikuwa watano uani kwetu, mtaa wa Lumumba: shangazi, ambaye ni dada yake mkubwa; jirani yetu mwalimu mstaafu, aliyeshika kalamu; mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa anamaliza masomo ya ualimu; mdogo wetu wa mwisho, msichana wa mwaka wa sita wa sekondari, na mimi, mkubwa wao. Wazazi wetu walikufa zamani. Ndiyo maana niliacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Baba mdogo naye hakuacha mke wala mtoto, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kungoja.

Alikuwa na kitanda, redio, baiskeli, mashati sita, vitabu kumi na tisa vya karatasi, na kibao. Yeye alikiita *liseuse*. Ni kifaa cha kusomea vitabu, chembamba kama daftari la shule, chenye kioo kisichong'aa. Alikinunua kikiwa kimeshatumika kutoka kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa akienda Kampala. Alikuwa na sababu. Mara ya kwanza alipokimbia vita kule Fataki aliacha sanduku zima la vitabu. Mara ya pili aliacha nusu sanduku, kwa kuwa alikuwa ameshajifunza kutonunua vingi. Mara ya tatu, alisema, atakimbia na vyote mfukoni. Mara ya tatu haikuja. Alifia kitandani, kwa ugonjwa wa figo.

Tulipomaliza masufuria na mashati, shangazi alikinyooshea kibao kidole.

"Mu hii kibao iko vitabu ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne," alijibu mdogo wa mwisho. Yeye ndiye aliyejua namba ya kukifungua.

"Basi tugawe."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Mama, hii ni kitu moja. Hatuwezi kuipasua."

"Nani anasema kupasua? Shamba nayo ni moja, na batu wanagawa. Andika."

Aliandika. Ilichukua mchana wote. Mdogo wa mwisho alisoma majina ya vitabu kimoja kimoja, na shangazi, asiyejua kusoma, aliamua kiende kwa nani. Historia na vitabu vya kufundishia vilikwenda kwa mdogo wangu wa kiume. Sayansi kwa msichana. Vya dini kwa mwalimu, kama asante ya kazi ya kuandika. Riwaya kwangu, kwa sababu mimi sikuwa na mtihani wa kufanya. Kibao chenyewe kingekaa kwangu kwa kuwa mimi ni mkubwa. Tulitia sahihi, na shangazi akatia dole gumba.

Hakuna aliyecheka siku ile, na mimi pia niliona ni haki. Kosa lilijitokeza baada ya wiki moja. Shamba lililogawanywa linaweza kulimwa na watu wanne siku moja. Kibao hakiwezi. Mdogo wangu alipokuwa ndani ya historia yake, sayansi ya dada yake ilikuwa imefungwa, na dini ya mwalimu vilevile. Mwalimu alikuja mara mbili kudai sehemu yake, akakuta zamu si yake, akarudi kwenye Biblia yake ya karatasi ambayo haina zamu. Msichana alivumilia kidogo. Kurasa za vitabu vyake vya kemia zilikuwa zimepigwa picha kutoka kwenye vitabu vikubwa, na kwenye kioo kile kidogo namba zilikuwa kama mayai ya chawa. Ukizikuza, nusu ya jedwali inatoka nje. Alirudi kwenye fotokopi.

Shangazi alikuwa amejiwekea sehemu moja tu.

"Miye nataka kile alikuwa ananisomea. Na nataka kuanzia pale tulifika. Mwanzo ninaijua."

Kila Jumapili baada ya misa baba mdogo alikuwa anamsomea riwaya moja ya Kifaransa, akiigeuza kwa Kiswahili papo hapo. Ilikuwa habari ya mjane mwenye nyumba ya wageni, na ndugu za marehemu mumewe wanaotaka kumfukuza. Figo zilimkatiza katikati. Kazi ya kumfikisha shangazi mwisho ilinijia mimi, kwa sababu riwaya zilikuwa sehemu yangu na kwa sababu ya ukubwa wangu.

Kitabu cha karatasi kingekuwa na kipande cha gazeti pale alipoishia. Kibao nacho kina kumbukumbu, tena nzuri: ukikifungua kinakuonyesha ukurasa wa mwisho ulioufungua. Lakini hakijui nani amefungua. Wakati wa matanga mdogo wa mwisho alikuwa amekishika kitabu hicho na kukipekua hadi karibu na mwisho.

"Nilifikiri iko picha, yaya," aliniambia. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

Basi nikaanza mwanzo. Nilimwambia shangazi anisimamishe tutakapofika mahali asipopajua.

Tulisomea kwenye kibanda changu. Ninachaji simu za watu kwa umeme wa jua, na mchana hakuna mahali pengine ninapoweza kuwa. Hapo niliona uzuri wa kitu hiki. Kwenye simu, jua la saa sita linafuta kila kitu, unajiona uso wako tu. Kibao kinasomeka juani kama karatasi. Na hakili umeme. Mimi ninaishi kwa njaa ya simu za watu, zinazorudi kila siku na nyingine mara mbili; kibao nilikichaji mara moja na kikaenda wiki tatu. Nilimwambia mdogo wangu kwamba watu wote wakiwa na vitu kama hivi nitafunga kibanda.

Kifaransa changu kiliishia mwaka wa pili. Ukiweka kidole juu ya neno, kibao kinakupa maana yake, nayo kwa Kifaransa, na ndani ya maana hiyo kuna neno lingine usilolijua. Nilikuwa nikienda hivyo kutoka neno hadi neno, shangazi akichambua maharage na kuningoja. Lakini nilifika. Kwa kamusi ya karatasi ningeacha siku ya pili.

"Imebaki ngapi?" aliuliza kila siku.

"Tumefika asilimia thelathini na moja."

"Asilimia ni ya batu wa benki. Nionyeshe na vidole."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Kitabu cha karatasi ningemwekea mkononi, akapima mwenyewe unene uliosomwa na uliobaki. Kibao kina unene uleule mwanzo na mwisho.

Wateja walizoea. Mmoja, mchimbaji wa dhahabu aliyekuwa akileta simu mbili kila akishuka kutoka machimboni, alikaa hata simu zikijaa.

"Yaya, huyu shemeji wake anasumbua," alisema. "Piga yeye mu kichwa tumalize."

"Weye ngojea simu yako," shangazi alimjibu. "Kitabu iko yangu. Iko hata na karatasi."

"Mama, nisamehe. Nikipata dhahabu nitakununulia shemeji mwingine."

"Huyu mumoja anatosha."

Tulivuka nusu, na shangazi hakunisimamisha. Wakati mwingine alikunja uso. Mimi nilisoma kwamba kuna theluji. Yeye alisema ni matope. Nilisoma kwamba kuna kituo cha treni. Alisema ni maegesho ya malori pale Komanda. Nilielewa kwamba baba mdogo alikuwa amekihamisha kitabu kukileta huku, na nikaanza kukihamisha na mimi ili tusigombane. Halafu siku moja aliacha maharage.

"Na dada yake?"

"Dada gani?"

"Dada mukubwa wa huyu mama. Ule anamusaidiaka. Siku zote unasoma, hauseme jina lake hata moja."

Nilimwambia nitatazama. Kibao kina uwezo mmoja ambao karatasi haina: unaandika neno, na kinakutafutia kila mahali lilipo katika kitabu kizima. Niliandika dada kwa Kifaransa. Kikazunguka kidogo, kikasema hakuna. Nikajaribu kwa wingi. Hakuna. Ningekuwa na kitabu cha karatasi ningesema labda nimepitwa na ukurasa, na labda ningeendelea kutafuta hadi leo. Kibao kilimaliza jambo kwa muda wa kupiga chafya.

"Shangazi, hayuko."

"Alikuwako," alisema. Hakukasirika. "Alipanda lori kwenda kutafuta avoka wa kumutetea mu kesi ya nyumba. Mvua ilikuwa inanyesha. Ni pale tulifika."

Mchimbaji alitazama simu zake.

"Ni baba mdogo alimuweka," nilisema. "Mu kitabu huyu mama iko peke yake."

Alichukua ungo wake akaendelea kuchambua. Shangazi ndiye aliyelima mashamba ya watu ili baba mdogo asome mpaka diploma. Kila mtu kwetu anajua, naye hapendi kutajiwa. Alitupa kijiwe nje ya ungo, akasema, "Soma tu."

Tulikimaliza mwezi wa nane. Mjane alibaki na nyumba, kwa sababu ya barua iliyopatikana ndani ya godoro. Shangazi alisikiliza hadi neno la mwisho.

"Ni muzuri," alisema. "Na dada yake alirudi?"

Wiki hiyohiyo mdogo wangu wa kiume alipata shule ya kufundisha huko Gety, na akaniomba kibao. Nilipima. Msichana alishakiacha. Mwalimu alishachoka na zamu. Mimi riwaya ninazipenda, lakini vitabu vya karatasi vilivyobaki vinanitosha kwa kasi yangu. Yeye anakwenda mahali ambapo anaweza kuambiwa asubuhi kwamba jioni asiwepo, na hawezi kubeba sanduku. Kwa mtu wa namna hiyo sijaona kitu bora. Ubaya wake ni kwamba kikianguka kikavunjika, vinaanguka vyote mia mbili na kumi na vinne kwa pamoja, na kwamba haviwezi kuachwa kimoja kwa huyu na kingine kwa yule. Nilimwambia akizungushie kitambaa.

Nilimwita shangazi kwanza, kwa sababu sehemu yake ilikuwa ndani na dole gumba lake lilikuwa kwenye karatasi.

"Aende nayo," alisema. "Kitabu nilisikia. Kitu ninadai haiko mule."

"Unamdai nani?"

"Weye. Si riwaya ni sehemu yako? Weye ndio mukubwa. Umurudishe."

Nilijaribu. Mara ya kwanza nilimrudisha dada mkubwa kesho yake, na avoka, na mvua imekwisha. Shangazi alisema hakuna lori la kutoka Komanda linalofika kesho yake, niache kumdanganya. Mara ya pili nilimpitisha kizuizi kimoja cha barabarani na kingine, nikamlaza kwa watu wasiomjua, na hapo alinisikiliza hadi mteja akaja na tukaacha. Siku hizi akifika kibandani anakaa, anaweka ungo magotini, na kuniuliza yule dada amefika wapi. Namjibu ninapoweza. Baba mdogo angemfikisha kwa Jumapili mbili. Mimi tangu mwezi wa nane nimemsogeza kilometa chache tu, bado yuko njiani na avoka hajampata, na shangazi amekataa kusamehe hata kilometa moja.