Sekunde Tisini za Maji Mdomoni

Jumapili moja mwaka wa 2004, kwaya ya watoto wa kanisa letu karibu na Isecheno ilikuwa imefika kwenye haleluya ya mwisho. Ghafla dada yangu Risper akatoka mstarini, akaweka mikono chini, akapinduka mara tatu mfululizo mpaka mbele ya madhabahu, kisha akasimama wima na kuinua mikono juu. Alikuwa na miaka saba. Alipokuwa kichwa chini gauni lilimfunika uso, na kanisa zima likaiona kaptura ya michezo ambayo ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake.

Mama alijishika kichwa. Wazee wa kanisa walitazamana. Mchungaji akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mwacheni," akasema. "Wengine wanamsifu Mungu kwa mikono. Huyu ameamua miguu."

Watu wakacheka. Risper akadhani wanamshangilia, akarudi mstarini kwa njia ile ile aliyojia.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu nikifunga macho ndipo ninapomwona. Tulimzika Novemba mwaka jana, akiwa na miaka ishirini na saba, baada ya figo kumsumbua kwa wiki tano tu. Mungu aliyempa miguu ile ndiye aliyemwita, na mimi sina la kumuuliza, ingawa ziko asubuhi ambazo namuuliza. Lakini Risper hakuwa mtu wa kusimuliwa kwa kilio. Yeyote aliyemjua akianza habari zake hufika mahali akacheka katikati ya sentensi. Basi nitamsimulia jinsi alivyokuwa.

Mimi ni Dorothy, kifungua mimba. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza ushonaji, na hadi leo nina kibanda changu cha cherehani mtaani Shieywe. Baba yetu, Mzee Shitanda, alikuwa mkata miwa, lakini eneo letu lote la Isukha lilimjua kwa kupiga ngoma za isukuti. Ngoma hizo huwa tatu: ya baba, ya mama na ya mtoto, na hupigwa pamoja kwenye harusi, matanga na kila sherehe. Baba alipiga ile kubwa. Ba'mdogo Osundwa, ndugu yake, alipiga ya kati, na Griffin, mwana wa Osundwa, alipiga ile ndogo. Ila sifa ya Baba haikuwa mikono peke yake, ilikuwa mdomo pia. Akipiga lazima apaze sauti. Anamtaja bibi harusi, anamtaja nyanya ya bibi harusi, anamtaja hata fahali aliyechinjwa. Tangu utoto wangu sikuwahi kumwona akipiga ngoma mdomo ukiwa umefungwa.

Aliyemtoa Risper kwenye sarakasi za kanisani ni mwalimu wake wa shule ya msingi, Simiyu, ambaye alikuwa amecheza jimnastiki chuoni. Alikuja nyumbani akamwambia Baba kwamba mtoto ana kipaji ila hana vifaa. Baba hakuuliza mengi. Aliangusha mkaratusi nyuma ya nyumba, akauchonga ukawa boriti ya upana wa kiganja, akauweka juu ya nguzo mbili na kuufunga kwa blanketi kuukuu. Chini yake akapanga magunia ya makapi ya miwa ili Risper akianguka asiumie.

Kosa lilikuwa moja. Makapi ya miwa yana utamu, na utamu huita siafu.

"Mama, nikianguka wananiuma!" Risper alilia siku ya pili.

"Basi usianguke," Mama akamjibu huku akipepeta mahindi.

Risper aliniambia mara nyingi kwamba makocha wake wa kwanza walikuwa siafu, wa pili ndiye Mwalimu Simiyu. Kufikia miaka kumi na miwili alikuwa akitembea juu ya ile boriti kama mtu anayekwenda dukani, na mwisho wake anapiga pindu na kutua kwa miguu miwili.

Mavazi yalikuwa kazi yangu. Ijumaa nilikwenda soko la Lubao, nikapita kule wanakouzia mbwa, wakinibwekea wote kwa pamoja, mpaka kwenye mitumba. Nilitafuta nguo za kuogelea, nikazifumua na kuziunga mikono mirefu. Hata hivyo, kwenye mashindano yake ya kwanza ya kaunti, akina mama wa kanisa walifika na leso saba. Mwenyekiti wao, Mama Quinter, alikaa mstari wa mbele, leso imefunguliwa tayari mapajani.

"Mama Quinter, hiyo leso ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kumfunika akimaliza. Mtoto wetu hatasimama mbele ya watu hivyo."

Risper alipotua mara ya mwisho na watu wakainuka kupiga makofi, Mama Quinter aliinuka pia, akasahau alichokuja kufanya, akaipunga leso hewani kama bendera. Tangu siku hiyo leso saba zilimfuata kila mahali, na kazi ya leso hizo ikawa kupungwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika jimnastiki wasichana hucheza sakafuni kwa muziki, sekunde tisini, na sheria inasema muziki usiwe na maneno. Likisikika neno, mchezaji anakatwa alama moja nzima. Mwaka wa 2015 Risper alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa amefuzu kwenda mashindano ya taifa Nairobi. Mwalimu Simiyu akamletea muziki wa piano.

Risper akausikiliza mpaka mwisho. "Kocha, hiyo muziki ni ya kungojea daktari. Mimi nataka ngoma ya Baba."

"Baba yako hawezi kunyamaza."

"Nitamwomba."

Baba alifurahi mno. Aliziweka ngoma juani asubuhi yote ili ngozi zikaze, akawaita Osundwa na Griffin, na Mwalimu Simiyu akashika simu ya kurekodi. Kwa sekunde themanini na nane Baba hakutoa hata mguno.  Kisha, kwenye pigo la mwisho kabisa, sauti ikamponyoka kwa nguvu zote: "Risper wee!"

"Ni mwishoni kabisa," Baba akasema. "Watakuwa washaanza kupiga makofi, hawatasikia."

Risper hakutaka arekodi tena. Aliniambia kuwa sauti ile ndiyo aliyoipenda zaidi. Wakaenda nayo hivyo.

Waamuzi walisikia. Risper alikuwa amecheza vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na kabla ya kukatwa alikuwa mbele. Alama moja ilipotoka, dhahabu ikaenda kwa Jepkemboi, msichana mrefu wa Eldoret, kwa tofauti ndogo sana. Jepkemboi mwenyewe alikuja akamkumbatia, akamuuliza, "Huyo aliyekuita ni nani?"

"Ni babangu."

"Wangu hata hajui niko hapa," Jepkemboi akasema.

Risper alirudi nyumbani na medali ya fedha na hadithi hiyo, na kwake mambo yakawa yameisha. Kwa Baba hayakuisha. Alizifunga ngoma kwenye gunia na kuzitundika darini.

"Mdomo wangu umemnyang'anya mtoto wangu," alimwambia Mama. "Sitampigia tena."

Mama alimsihi, Mchungaji alimsihi. Miezi ikapita. Mashindano ya 2016 yakawa yamebaki wiki tatu, na Risper bado alikuwa akifanya mazoezi bila muziki wowote, akijihesabia kichwani. Mwalimu Simiyu alimwambia achukue piano.

"Sitaki," akasema. "Baba asiponipigia, siendi."

Na Risper akisema haendi, hakuwa anatishia mtu. Alishuka kwenye boriti, akaingia jikoni, akaanza kumenya viazi. Viazi, mtu aliyekuwa akifanya mazoezi saa nne kwa siku! Hapo ndipo sote tulipoogopa. Nilipiga magoti jikoni humo humo nikaomba, na sikumbuki niliomba nini hasa. Nadhani nilimwambia Mungu, ufanye chochote.

Jibu lilitoka kwa Mama. Jumamosi ile alipanda darini mwenyewe, akateremsha gunia, akaziweka ngoma juani. Akawaita Osundwa na Griffin. Halafu akamwendea Baba aliyekuwa ameketi uani, akampa kikombe cha maji.

"Baba Dorothy, kunywa."

Baba akapiga funda.

"Usimeze. Yaweke hapo hapo mdomoni. Sasa piga ngoma."

Baba akamtazama, mashavu yamemvimba kama ya mtu mwenye jino bovu. Hakuweza kukataa kwa sababu kukataa kungetaka mdomo. Mama akawajaza Osundwa na Griffin vilevile. Baba alitazama ngoma, akamtazama Risper aliyesimama mlangoni na kisu cha viazi, akainama, akaichukua ile kubwa na kuipachika kwapani.

Mara ya kwanza walifika sekunde kumi. Griffin alimwona baba yake na mashavu yale, akacheka, maji yakamtoka puani na kummwagikia Osundwa. Mara ya pili Baba alisahau, akafungua mdomo kumtaja Risper, na maji yote yakaishia juu ya ngozi ya ngoma, ikabidi ianikwe upya. Mara ya tatu kuku aliyekuwa amekusudiwa kuliwa kwa obusuma, ugali wetu, mchana huo alipita katikati akipiga kelele.

"Kuku ni neno?" Mama akamuuliza Mwalimu Simiyu.

"Sheria haisemi kitu kuhusu kuku," Mwalimu akajibu, "lakini tusiwajaribu."

Mara ya tano ilikuwa safi. Sekunde tisini, ngoma tatu, bila neno hata moja. Baba alipotema maji yale alikuwa analia na kucheka pamoja, na Risper akamrukia shingoni kisu kikiwa bado mkononi, Mama akapiga yowe.

Nairobi nilikuwepo mwaka huo, na leso zote saba zilikuwepo. Sijui kuieleza ile sakafu. Nilimwona akikimbia, akapaa, akajigeuza mara mbili hewani na kutua pale pale ngoma ya baba ilipolia, na kati ya pindu moja na nyingine mabega yake yalikuwa yakitikisika isukuti kama wasichana wote wa kwetu. Waamuzi wawili walikuwa wakigonga meza kwa vidole bila kujua. Pigo la mwisho likalia, kukawa kimya, na mle ndani ya kimya kile nilimwona Baba kando yangu. Mashavu yalikuwa yamevimba. Alikuwa amejaza maji mdomoni tangu mwanzo, asije akamharibia tena.

Risper akawa bingwa wa taifa wa sakafuni, mwaka huo na miaka miwili iliyofuata, kila mara kwa rekodi ile ile. Alipoumia goti mwaka wa 2019 hakulia sana. Aliomba ukumbi wa kanisa Shieywe, karibu na kibanda changu, akaanza kuwafundisha watoto kumi na wanne. Nilimshonea kila mmoja nguo. Alikuwa kocha mwenye kelele kuliko wote niliowaona, tena kelele za Baba tupu, na mtoto aliyeanguka aliambiwa ashukuru kwamba hakuna siafu.

Kisha figo zikamwangusha.

Siku ya mazishi watu walimtazamia Baba. Ngoma ziliteremshwa, Osundwa na Griffin wakasimama tayari. Baba aliikamata ile kubwa, akaiweka chini.

"Nikipiga nitamwita," alisema, "naye hataitika. Sitaweza."

Hakuna aliyemlaumu. Ngoma zikarudi darini. Lakini mimi nilijua mwanamke aliyelala jenezani angekataa hata kwenda mbinguni bila ngoma ile, na jambo hilo lilinikaa moyoni miezi yote. Mwalimu Simiyu, ambaye sasa ni mzee mwenye miwani, alichukua wale watoto kumi na wanne. Aprili mwaka huu wakaandaa maonyesho madogo ukumbini ya kumkumbuka. Mmoja wao ni Mitchel, wa miaka tisa, asiyeogopa mtu. Alikwenda na mama yake hadi kwetu akamkuta Baba.

"Babu, kwa simu tunasikianga ngoma, lakini hatujawahi kuiona. Utakuja?"

"Mjukuu wangu, mimi nimeacha."

"Kocha Risper alisema ukikataa tukupatie maji."

Baba akainuka. Halafu akamwita Mama amtafutie ngazi.

Ukumbi ulijaa. Leso saba zilikuwa mstari wa mbele, nyingine zimechakaa. Baba, Osundwa na Griffin walisimama pembeni ya zulia, na Mitchel, kabla ya kwenda kwenye nafasi yake, alimletea Baba kikombe kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa. Baba akapiga funda, mashavu yakajaa. Osundwa na Griffin wakafanya vilevile. Ngoma zikaanza, Mitchel akakimbia.

Nilimtazama Baba. Katikati ya ngoma koo lake lilipanda na kushuka. Alikuwa ameyameza maji yote.

"Risper wee!"

Sauti ilijaa ukumbi mpaka juu ya mabati. Na kwa vile isukuti haiachi mtu aite peke yake, watoto wote kumi na wanne waliitika kwa pamoja, Mitchel akiwa bado kichwa chini, "Eeee!"

Akaita tena. Wakaitika tena, na safari hii kanisa zima.

Mwalimu Simiyu alikuwa ameketi kando yangu na karatasi yake ya alama. Alivua miwani, akaipangusa, akaandika kitu.

"Alama moja imekatwa," akaniambia, na machozi yakimshuka.