Mfuko wa Siri Katika Koti la Karani

Ipo siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa, na mke wangu asinisikie nikisema hivyo. Ilikuwa Jumatano, Arusha ya wakati wa Mwingereza, manyunyu yanashuka kutoka mlimani tangu alfajiri. Mimi nimekaa nyuma ya cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa. Fundi mwenye akili hubana pini mdomoni anapofanya kazi. Mimi siku hiyo pini nilizitoa ili nipate nafasi ya kusema, na mpaka leo natamani ningezibakiza.

Mwanangu, shule mimi niliishia darasa la pili. Sisemi kwa aibu. Hii nyumba ya mawe mnayoiona hapa Sekei imejengwa kwa mguu huu uliokanyaga cherehani, haikujengwa kwa cheti. Nilikuja mjini kutoka kijijini kwetu Kikwe na suruali moja tu, na hiyo nayo ilikuwa ya marehemu baba, naikunja kiunoni mara mbili. Kwa hiyo nikizungumza habari ya kazi na wateja, nazungumza kitu ninachokijua. Mwenye digrii naye aketi asikilize, hatadhurika.

Aliyenifundisha ushonaji ni Mmeru mmoja aliyeitwa Mzee Yoeli. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, Mlutheri wa kweli, shati jeupe kila siku na vumbi lote lile la Arusha. Tulishonea watu wa kila namna: makarani wa Boma, zile ofisi za serikali, walimu, manyapara wa mashamba ya kahawa, hata bibi mmoja wa Kizungu aliyeleta mapazia yake. Miaka hiyo nchi ilikuwa inachemka. Watu walikuwa na uchungu wa ardhi yao iliyochukuliwa, chama cha kudai uhuru kimefika, na kadi zinanunuliwa. Mtumishi wa serikali alikatazwa. Karani akionekana na kadi, kazi hana.

Sasa mtu akisimamishwa apimwe, mikono imenyooka, futi imezunguka kifua, maneno yanamtoka yenyewe. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu umemshika. Wengine walimsifu Malkia, wengine walimlaani mlowezi aliyewazibia njia ya ng'ombe. Mzee Yoeli aliwasikiliza wote, akaitikia "Ehe," kisha akauliza, "Kola niilaze au niisimamishe?" Basi, hapo siasa imekwisha.

Sisi vijana tulimwona mwoga. Siku moja nilimwambia waziwazi, "Mzee, wewe ukiulizwa nchi hii ni ya nani, utajibu ni ya mwenye kitambaa."

Hakukasirika. Alisema, "Nitamuuliza kwanza anataka yadi ngapi."

Kadi mimi nilikuwa nayo, tena nilikuwa wa kwanza kununua kati ya mafundi wote wa mtaa ule. Ilinikaa kichwani kama pombe. Kila aliyekuja kupunguziwa suruali nilimhubiria. Mtu ambaye hakusoma, mwanangu, akipata kitu cha kumfanya aonekane anajua mambo, hakiachi hata kimuunguze.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwepo karani wa Boma, jina lake Elifasi, kijana mrefu wa maneno machache, mwenye koti moja la kijivu. Siku moja alikuja saa ya chakula, baraza ikiwa tupu. Alivua koti akanipa.

"Nishonee mfuko mwingine ndani," alisema. "Nyuma ya bitana, chini ya kwapa la kushoto. Usionekane."

"Wa kuwekea nini?"

Akanionyesha ukubwa kwa vidole viwili. Ukubwa ule niliujua, maana ulikuwa wa kadi ya chama, kama yangu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati. Aliona kwamba nimejua.

"Fundi," alisema, "mama yangu ni mgonjwa. Mke wangu ana mtoto wa miezi miwili. Wadogo zangu wawili wanasoma kwa kazi hii. Nikifukuzwa mimi, tumefukuzwa wote."

"Bwana karani, chukua sindano unishone mdomo kabisa," nikamjibu, tukacheka.

Nilimshonea mfuko mzuri sana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi.

Haya, turudi kwenye ile Jumatano. Akaja nyapara mmoja wa shamba la kahawa la Mzungu, jina lake Zakaria, kujaribu suruali. Huyu alikuwa mtu wa utani unaochoma. Alipoona kadi inachungulia mfukoni mwangu, alianza.

"Naona fundi naye ni mwanasiasa. Umeisoma hiyo kadi, au unasubiri usomewe?"

"Nimeielewa, inatosha."

"Ndiyo tatizo lenu. Chama chenu ni cha wauza ndizi na mafundi viraka. Nitajie msomi mmoja tu hapa mjini aliye upande wenu. Mmoja. Hata wa kuwaandikia barua mnakodi."

Baraza nzima ilicheka. Nilisikia moto masikioni. Darasa la pili lile, mwanangu, ndilo lililojibu, mimi sikupata hata nafasi.

"Wewe endelea kuhesabu vikapu vya kahawa," nikamwambia. "Wetu wako mpaka ndani ya Boma. Mkono wangu huu umeshona mfuko wa kufichia kadi katika koti la karani anayekaa mlango wa pili kutoka kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya."

Nilitegemea ashangae. Hakushangaa. Alitazama miguu ya suruali, akauliza kwa upole, "Itakuwa tayari lini?"

Upole ule ndio ulionigutusha. Pembeni yangu Mzee Yoeli alikuwa ameacha kukanyaga cherehani yake. Alimngoja nyapara ashuke ngazi na kupotea kwenye manyunyu, ndipo akageuka.

"Umemuuza."

"Sikutaja jina, mzee."

"Makarani Waafrika wa pale Boma wanaoshona kwako ni wangapi?"

Nikahesabu. Alikuwa mmoja.

"Vaa viatu," akasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Unakwenda wewe. Mimi nabaki na kazi zako. Ukamwambie kwa mdomo huohuo, kabla hajaambiwa na mwingine."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, nami siku hiyo nilijua kwa nini: dole ukijikwaa unachechemea wewe, ulimi ukijikwaa anachechemea mwenzako. Nilimsubiri Elifasi njiani, mbali na Boma, mpaka saa za kutoka kazini. Nilimweleza yote, sikupunguza. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na ningeshukuru. Hakunipiga. Alisimama mvua ikimwingia shingoni, kisha akaniuliza, "Nani mwingine alikuwepo?" Nikamtajia. Akasema, "Mama asijue," akatangulia, nikamfuata mpaka kwake, juu kwenye migomba.

Kadi aliiweka mwenyewe mahali ambapo sikuuliza. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikafumua mfuko wangu. Hapo ndipo nilipolia, mwanangu, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Nilikuwa nimeushona kwa sifa, mishono mifupi iliyokazana, ya kudumu. Nilipoitoa, bitana ilibaki na mstari wa matundu madogo, umekaa pande tatu kama ramani ya kitu kilichoondoka. Mkewe alimweka mtoto mgongoni, akapasha pasi ya mkaa, akatandika kitambaa kibichi na kupiga, akarudia tena na tena, apate kuyaziba. Matundu yalipungua, hayakwisha.

Ijumaa Elifasi aliitwa ofisini. Koti lilivuliwa, likapinduliwa ndani nje juu ya meza. Kadi haikuonekana. Lakini alinisimulia baadaye kwamba kidole cha mpekuzi kilipita polepole juu ya yale matundu, kikarudi, kikapita tena. Hawakumfukuza, maana ushahidi hawakuwa nao. Walimpa barua ya uhamisho kwenda kituo cha mbali huko kusini, aondoke ndani ya wiki moja. Mtoto ni mchanga na mama yake mgonjwa hawezi kusafiri, kwa hiyo aliondoka peke yake. Masika ya mwaka ule mama yake akafariki. Habari zilipomfikia, matanga yalikuwa yameshaondolewa.

Mimi nilifanya nilichoweza. Kila Jumamosi nilipanda kule kwao kushika zamu yao ya mfereji, maana zamu isiposhikwa maji huenda kwa jirani na kahawa hukauka. Mkewe aliniruhusu kuingia shambani. Mlangoni ilichukua karibu mwaka mzima.

Jambo jingine ulijue. Jumapili moja, baada ya ibada, kulikuwa na mkutano wa hadhara kuhusu ardhi. Watu wa serikali walikuwepo, wanaandika. Nikaona mtu mfupi mwenye shati jeupe anasimama. Mzee Yoeli. Alitaja jina lake, la baba yake na la ukoo wake, kisha akawaambia waandishi, "Andikeni vizuri, nisije nikasema mara mbili." Akaeleza shamba la baba yake lilivyochukuliwa, na kwamba analitaka. Alisema mambo ambayo mimi na kadi yangu tusingethubutu.

Kesho yake nilimuuliza kwa nini alinificha. Alikuwa anatunga uzi, hakuinua macho.

"Sikukuficha kitu. Jana nimesema la kwangu kwa jina langu, wakinifunga nafungwa mimi. Hapa barazani mtu ameniletea nguo."

Elifasi alirudi baada ya miaka miwili na kitu, upepo umeshageuka, uhuru unanukia. Tulikutana nje ya kanisa. Nilimwamkia kwa heshima ingawa tulikuwa rika moja. Alinishika mkono, akasema, "Mfereji umeutunza, fundi. Nimekusamehe." Na ni kweli alinisamehe. Alikuja kwenye harusi yangu, nami nikaenda kumzika alipofariki.

Lakini nguo hakuniletea tena. Hata moja. Kwa miaka yote ile nilimwona kanisani katika makoti yaliyoshonwa na mtu mwingine, bega la kulia limeinuka kidogo kwa sababu fundi yule hakujua kwamba bega hilo la Elifasi lilikuwa chini kuliko la pili. Mimi nilijua. Ningelirekebisha kwa dakika kumi. Sikuwahi kuombwa.

Basi, mwanangu, sikukatazi siasa. Uhuru wa nchi hii uliletwa na watu waliosema. Ukiwa na la kusema, tafuta mkutano, simama, taja jina lako lote, na uwe tayari kulipia wewe mwenyewe. Lakini mteja aliyekuja dukani kwako au ofisini kwako amekuja na shida yake, hakuja kuhubiriwa wala kupimwa yuko upande gani. Akikuambia ya moyoni, ni amana, hata kama yanakufurahisha. Hasa yakikufurahisha. Na akija mchokozi kukutia moto masikioni, mwache ashinde, haitakugharimu mteja. Mwenzako wa kazini naye ana watoto wanaokula kwa mshahara ule. Usiitumie siri yake kununulia sifa za mchana mmoja. Msamaha utapewa ukiomba. Kuaminiwa hakuombwi.

Mungu akupe kazi isiyokuaibisha, akupe na wateja wanaorudi. Akupe ujasiri wa kusema la kwako hadharani, na akukaze mdomo kwa la mwenzako. Mikono yako ibarikiwe, na kila atakayekukabidhi kitu chake, aende nyumbani akalale.