Sumaku ya Spika

Juzi nilikuwa nikimtafutia mtoto wa dada yangu zawadi ya Krismasi. Anasomea nyumbani, kama nilivyosoma mimi. Niliposhika sumaku pale dukani, vidole vilihangaika vilevile kama zamani.

Alasiri moja ya utotoni mama, aliyekuwa mwalimu wangu, alinipeleka soko la Bwera, mpakani na Kongo. Mimi nilitaka mpira. Yeye akasimama kwa fundi Mkongomani aliyekuwa akifumua redio kuukuu katika harufu ya plastiki iliyoungua.

"Mama, hii iko na nguvu," fundi alisema, akiinua sumaku ya spika. "Mutoto atacheza, atajifunza."

Tuliporudi nyumbani Kasese sikungoja hata chai. Niliifunga sumaku kwa kamba, nikakimbilia mtoni, nikaiburuta mchangani. Ilitoka imeota manyoya meusi ya punje ndogondogo. Nikaamini ni shaba. Mgodi wa shaba alimochimba baba ulikuwa umesimama, naye alikuwa ameenda mbali kutafuta kazi.

"Mama! Shaba bado iko! Mwambie baba arudi!"

Mama, aliyekuwa amenifuata, alizisugua zile punje kati ya vidole. Maji yalinguruma kwenye mawe.

"Jaribu na upande ule," akasema hatimaye.

Nikaburuta huku na huko, siwezi kutulia, hadi mikono ikafa ganzi.

Leo najua kwamba sumaku haivuti shaba. Mama, mke wa mchimba shaba, alijua siku ileile. Lakini nilipochoka, alinipokea kamba, akaendelea kuburuta.