Mgeni Aliyezama Kwenye Chumvi

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, dada yangu alinifundisha kila somo mara mbili: jioni uani kwetu Gongoni, na kesho yake darasani. Chuo cha ualimu kilimleta shuleni kwetu muhula mmoja afanye mazoezi ya kufundisha Kiingereza. Alikuwa ameomba shule nyingine yoyote. Nadhani sababu ilikuwa mimi.

Uani, ubao ulikuwa mlango wa jiko, chaki ilikuwa mkaa, na darasa zima lilikuwa mimi.

"Leo uwe mtundu," aliniamuru. "Nijizoeze kabla hamjaniaibisha."

Hiyo ndiyo kazi pekee ya nyumbani niliyowahi kuifanya bila kusukumwa. Nilipiga miayo, nikauliza kama mwalimu ameposwa, nikakoroma. Kila utundu aliutafutia dawa, akaiandika daftarini pembeni ya somo. Kisha akaniapisha: darasani nisifungue mdomo, maana majibu yote ninayo tayari. Wiki sita nilikaa kimya kama gunia, hata walimu wakamuuliza mama kama ninaumwa.

Hofu ya dada ilikuwa moja. Mkufunzi wake angekuja siku yoyote, bila taarifa, akae nyuma amtazame akifundisha. Akimwangusha, hakuna cheti, na bila cheti hakuna shule itakayompa kazi.

Alikuja Alhamisi, mzee wa suti ya kahawia, akaketi benchi la mwisho, ubavuni mwangu. Akaweka fomu juu ya goti.

Somo lilikuwa kumwelekeza mgeni njia. Dada alikuwa amepasua mfuko wa saruji, akachora ndani yake ramani ya Gongoni: soko, zahanati, msikiti, na mabwawa ya chumvi aliyoyapaka buluu ya kufulia nguo.

"Mgeni yuko sokoni, anataka zahanati. Apite wapi?"

Kimya. Watu waliokuwa wakigombana jana nani ajibu, sasa walikuwa wakisoma kucha zao. Suti ile iliwaua. Dada akauliza tena. Kimya. Nikachungulia fomu, mkufunzi ameandika: "Wanafunzi hawashiriki."

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Lakini ningelisema, ningekaa, na kimya kingerudi palepale. Nikainua mkono. Dada akanitazama kama mtu aliyekuta nyoka chooni.

"Haya, wewe."

"Mgeni atoke sokoni," nikasema kwa Kizungu changu cha siku ya sikukuu, "apinde kulia, aende moja kwa moja, aingie bwawa la chumvi, azame."

Uani, utundu huu ulikuwa umenipatia pigo la mwiko utosini, kisha dada akazunguka nao siku mbili akiutafutia dawa. Nikaona anaikumbuka. Mabega yake yakashuka.

"Sawa," akasema. "Mgeni wetu yumo ndani ya chumvi. Nani atamtoa kabla hajatiwa guniani?"

Nusu ya darasa ni watoto wa wachota chumvi. Mikono ikachomoza. Mmoja akamvuta kwa ubao wa kukusanyia chumvi. Mwingine akasema asipitie ukingo ule, unateleza, azunguke nyuma ya msikiti. Msichana wa mbele akampeleka kwanza kwa shangazi yake aoshwe, zahanati hawapokei mtu wa namna ile. Yote kwa Kiingereza. Mkufunzi mwenyewe akainua mkono kuuliza njia ya choo cha shule, wakamwelekeza watu watatu kwa pamoja.

Nje nilimsikia akimwambia dada, "Darasa lako liko hai. Na yule mpumbavu niliyekaa naye umemmudu vizuri."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akapitia ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu akamtaja mpumbavu. Ijumaa yote nikafyeka nyasi za uwanja.

Dada akaja jioni, na mahamri mawili ndani ya karatasi ya daftari.

"Uliapa hutafungua mdomo."

"Nimeshaadhibiwa, mwalimu."

Akaangalia huku na huku, akanitia mahamri mfukoni. "Amenipitisha," akasema polepole, kama anayejaribu neno jipya. Halafu akanionyesha kwa kidole. "Sasa pinda kulia, uende moja kwa moja. Kule umeacha nyasi."